Ndururu Umeiona Wapi?

Wasikilizaji wangu wapenzi, maneno niliyo nayo jioni hii si ya kusomwa kwa haraka, bali ni ya kuzungumzwa polepole. Nataka tuzungumze juu ya neno moja dogo, neno ambalo sina shaka kila mmoja wenu amepata kulitamka, na pengine amelitamka leo hii kabla ya adhuhuri. Neno lenyewe ni ndururu.

Juma lililopita safari ilinifikisha Kwa Vonza. Asiyepajua na ajue ya kwamba Kwa Vonza ni mji mdogo ulio katika njia itokayo Machakos kwenda Kitui, mji ambao zamani msafiri aliupita akiona mbuzi na miti ya miiba na vumbi jekundu, na ambao leo umejaa vijana wenye mikoba mgongoni, kwa sababu chuo kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho wenyeji hukifupisha wakakiita SEKU, kimeweka makao yake huko. Gari letu lilisimama kutafuta abiria, nami nikashuka kunyoosha miguu. Chini ya mti palikuwa na bibi mmoja mkongwe ametandaza gunia, juu yake mapapai, na kando yake ndengu zipimwazo kwa gorogoro. Akaja kijana wa chuoni, akaamkiwa na yule bibi kwa ile salamu ya Kikamba ambayo mkubwa humpa mdogo, "Wakya?", naye akaitika "Aa" kwa adabu, kisha akachukua papai, akalipima kwa mkono, akalinusa, akalirudisha mahali pake taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

Akasema, "Susu," yaani bibi kwa Kikamba, "leo sina hata ndururu. Nikopeshe mpaka kesho."

Bibi akamtazama kwa muda, halafu akamwuliza, "Ndururu? Wewe mjukuu wangu, ndururu umeiona wapi?"

Tuliokuwapo tukacheka, na kijana naye akacheka, lakini mimi swali lile likaniingia moyoni likakaa. Naam, ameiona wapi? Kijana wa miaka ishirini hajapata kushika ndururu mkononi mwake, hajapata kununua kitu kwa ndururu, na lau angeiokota njiani angedhani ni kipande cha chuma kilichodondoka katika gari. Basi vipi anaapia ufukara wake kwa sarafu asiyoijua? Hilo ndilo swali letu la leo, nami nakusudia kulijibu kwa kuanzia mbali kidogo, na mtanisamehe nikizunguka.

Kwanza tuitambue sarafu yenyewe. Ndururu ni senti tano. Shilingi moja ilikuwa na ndururu ishirini, na paundi, ambayo vijana wa leo huiita mbao pasipo kukumbuka kwamba shilingi ishirini zilikuwa paundi nzima katika hesabu za serikali, ilikuwa na ndururu mia nne. Iwapo una mzee nyumbani, mwulize ilikuwa na sura gani, naye jambo la kwanza atakalokutajia halitakuwa rangi yake wala uzito wake. Atakuambia ilikuwa na tundu. Katikati kabisa ya sarafu palikuwa na tundu la mviringo. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu hilo kwa kupinda, na upande wa pili taji na jina la mfalme wa Uingereza kwa Kilatini, lugha ambayo katika Ukambani yote hapana mtu aliyeisoma isipokuwa labda padri.

Mtauliza, tundu la nini? Sarafu zenye matundu zilikuwapo hapa kwetu tangu siku za rupia, mnamo mwaka 1907, na sarafu hizi nizisemazo za shilingi na senti zilianza mwaka 1921, zikitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ambayo makao yake yalikuwa London. Tundu hilo lilikuwa na faida zake. Wengi wa watu waliozipokea sarafu hizo hawakuwa na mifuko, kwa sababu hawakuvaa nguo za mifuko, na sarafu yenye tundu hutungwa katika uzi kama ushanga, ikavaliwa kiunoni au shingoni au ikafungwa ndani ya kiondo, na mwenye mali akaihesabu mali yake kwa vidole gizani, bila taa na bila jirani kujua. Mimi naona katika vitu vyote tulivyoletewa na utawala ule, kile kitundu kilikuwa mojawapo ya vichache vilivyofikiriwa kwa kumtazama mvaaji. Lakini tusiwasifu mno, kwa maana sarafu yenyewe haikuletwa ili watu wanunue mapapai. Tangu mwaka 1901 kulitozwa kodi ya nyumba, na mtu ambaye jana alikuwa tajiri kwa mbuzi wake na ng'ombe wake na mizinga yake ya nyuki, aliamka siku moja akaambiwa kuwa hana kitu, kwa sababu hana kile kinachotakiwa na karani.

Hapo ndipo ulipozaliwa ufukara wa namna mpya. Hebu tuukumbuke mwaka 1938, serikali ilipotaka kuwapunguzia Wakamba wa Machakos mifugo yao, ng'ombe wakawa wananadiwa, na Muindi Mbingu akawaongoza watu wake kwa maelfu mpaka Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Na malipo yake yakawa ni kuhamishiwa Lamu, mbali na kwao. Kwa nini waliandamana, na hali walikuwa wakilipwa fedha? Kwa sababu ng'ombe huzaa, na shilingi iliyotungwa katika uzi haizai. Katika macho yao, mtu mwenye uzi mzima wa senti na boma lisilo na mfugo alikuwa ni fukara mwenye kelele kiunoni.

Sasa tugeukie maneno, maana hapa ndipo penye ladha.

Lugha yetu ina majina mengi ya fedha, na aghalabu ya majina hayo asili yake ni sarafu ndogo sana. Chukueni neno pesa. Pesa ilikuwa ni kisarafu cha shaba, cha nasaba ya paisa ya Bara Hindi. Sayyid Barghash wa Unguja alizitoa zake mwaka 1299 wa Hijra, zenye picha ya mizani, na miaka michache baadaye Kampuni ya Kiingereza iliyoshika Mombasa ikatoa zake, nazo zina mizani vilevile. Nduguze pesa wako Oman hadi leo, ambako riali moja ina baisa elfu. Rupia moja ilikuwa na pesa sitini na nne. Basi kisarafu hiki, kilichokuwa cha chini kabisa katika daraja za fedha, leo kimekuwa jina la fedha zote za ulimwengu, hata za mabenki na za serikali. Wakamba wakakitamka mbesa, Wakikuyu kwa namna yao, na kila mtu bara na pwani akasahau kwamba alikuwa akitaja shaba.

Chukueni na hela. Wajerumani walipoitawala Tanganyika, mwaka 1904 waliigawanya rupia yao katika heller mia moja, na heller ilikuwa jina la sarafu kuukuu ya kwao, iliyopewa jina la mji wa Hall. Heller ikawa hela, na leo ukiwa Dar es Salaam au Mwanza, hela ni mali yote, ni mshahara, ni mahari, ni nauli. Ajabu ni kwamba Mjerumani kwao, akitaka kusema kuwa hana kitu, husema hana hata heller nyekundu. Mnaona? Sarafu moja: kwetu imepanda ikawa jina la utajiri wote, kwao imebaki chini ikawa jina la kukosa.

Nayo hii habari ya kukosa si ngeni hata kidogo. Mara ngapi tumesema fulani amefilisika, fulani ni muflisi? Asili ya neno hilo ni Kiarabu, na shina lake ni fulusi, yaani visarafu vya shaba. Na wanazuoni wa lugha ya Kiarabu wa zamani wamelieleza kwa maneno mazuri sana, wakisema muflisi ni yule ambaye alikuwa na dirhamu za fedha, kisha akawa hana ila fulusi. Kwa hiyo muflisi wa asili hakuwa mikono mitupu. Alikuwa na shaba. Karne zimepita, maana ikazidi kuteremka, na muflisi wetu wa leo hata ile shaba hana.

Basi narudia, ili tusipotezane njiani: sarafu ndogo, zinapokufa, hufuata mojawapo ya njia mbili. Zipo zinazopanda, kama pesa na hela, zikawa jina la kila fedha. Na zipo zinazoshuka, zikawa kipimo cha kutokuwa nacho. Ndururu ilishuka. Kwa nini? Mimi hunipambazukia hivi: ndururu ilipofika, kiti cha enzi kilikuwa kimekwisha kaliwa. Pesa alikuwa ameketi. Mwanamke wa sokoni alikuwa tayari ana neno la fedha kwa jumla, lakini alihitaji neno la ukomo, neno la ile ngazi ya mwisho ambayo chini yake hapana ngazi nyingine ila udongo. Ni kweli kwamba palikuwa na senti moja iliyo ndogo kuliko ndururu, lakini ile ilikuwa ndogo hata kwa kutajwa. Ndururu ndiyo iliyokuwa ndogo na bado ikanunua kitu.

Tena jina lake lilikuwa na bahati ya sauti. Kwa sikio, si jina la Kiarabu kama thumuni, wala la Kiingereza kama senti. Linasikika kama jina la kwetu bara, na linavyotamkwa, ndu-ru-ru, mtu husikia kitu kidogo kikibingirika sakafuni kikapotelea uvunguni.

Nimetaja thumuni, na itakuwa dhuluma nikiipita bila kuiamkia, kwa kuwa ndiyo yenye kisa cha ajabu kuliko zote. Senti hamsini wazee wetu wameziita thumuni, na thumuni kwa Kiarabu ni sehemu moja katika nane. Lakini senti hamsini ni nusu ya shilingi! Ile nane imetoka wapi? Imetoka katika reale, ile sarafu nzito ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, iliyokuwa ikipokewa katika pwani yetu yote. Reale moja ilikaribia rupia mbili, na kwa hiyo thumuni ya reale ilikuwa kama robo ya rupia. Rupia ilipobadilishwa ikawa shilingi mbili, ile robo ya rupia ikajikuta ni nusu ya shilingi. Reale ikaondoka, rupia ikaondoka, na jina likabaki limeshika sarafu isiyokuwa thumuni ya kitu chochote. Laiti majina yangekuwa watu, thumuni angekuwa ni mjane aliyeolewa nyumba tatu na bado huitwa kwa jina la mume wa kwanza.

Na ndururu je? Hata yeye alihama nyumba. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Kenya ilipotoa fedha zake yenyewe, senti tano mpya ilikuja na sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na tundu likazibwa. Pembe za ndovu zikaenda zake, taji likaenda zake, lakini watu hawakubabaika. Wakaitazama ile sarafu isiyo na tundu wakaiita ndururu vilevile. Hata hiyo nayo, kufikia miaka ya 1990, bei zilikuwa zimepanda kiasi kwamba hapakuwa na mwuza duka aliyetaka kuipokea, ikatupwa katika makopo ya misumari na mitoto ya meza. Leo ukienda dukani na chenji yako ni shilingi moja, shilingi nzima yenye picha ya twiga, huenda ukapewa peremende badala yake. Shilingi yenyewe inakaribia kuwa ndururu.

Lakini msemo umebaki. Tena tuutazame vizuri, kwa maana una tabia moja ambayo sikuitambua mpaka niliporudi nyumbani nikakaa nikiufikiri. Sikilizeni jinsi tunavyousema. Fukara husema, "Sina hata ndururu." Kibarua aliyedhulumiwa husema, "Sikulipwa hata ndururu." Baba aliyekasirishwa na mwanawe husema, "Simpi hata ndururu." Mwenye kudharau bidhaa husema, "Hii haifai hata ndururu." Je, kuna mmoja wenu aliyepata kumsikia mtu akisema, "Mimi ninayo ndururu"? Hapana. Ndururu haitamkwi ila kwa kukana. Ni sarafu inayoishi katika "si" na "ha" tu, na kwa hiyo imekwisha toka katika ukoo wa shilingi na senti, ikaingia katika ukoo wa maneno kama katu na asilani.

Na hapo tumelikaribia jibu la yule bibi. Kijana hakuwa na haja ya kuiona. Bali nasema zaidi: msemo huu una nguvu leo kuliko zamani kwa sababu hapana anayeiona. Zamani, ukisema huna ndururu, mkopeshaji angeweza kukupapasa akaikuta katika uzi wako, ukaaibika. Leo ukisema huna shilingi hamsini, pana hatari hiyohiyo, maana huenda unazo. Lakini ukisema huna ndururu, hapana kadhi atakayeweza kukuita mwongo. Umesema kweli, nayo ni kweli isiyokugharimu kitu. Tajiri mwenye majumba Nairobi naye hana ndururu. Katika jambo hili sote tu sawa.

Linganisheni na noti ya shilingi 500. Wakati wa uchaguzi wa mwaka 1992, kikundi cha vijana wa chama cha KANU kilichoitwa YK'92, kikiongozwa na Cyrus Jirongo, kilikuwa na sifa ya kumwaga noti hizo mikononi mwa watu, hata noti yenyewe ikaitwa Jirongo. Jina lilienea nchi nzima kwa siku chache, kila kinywa kikalitaja. Leo mwulizeni kijana wa Kwa Vonza Jirongo ni shilingi ngapi, atababaika. Noti kubwa iliyopewa jina la mkubwa imesahauliwa na vijana, na senti tano isiyopewa jina la mtu bado inaapiwa chini ya mti wa mapapai.

Jambo moja zaidi, kisha nitawaachilia. Tulidhani senti zimekwisha, kumbe zimehama. Tangu ilipoanza M-Pesa mwaka 2007, mtu akitazama salio lake katika simu huliona limeandikwa mpaka senti, sufuri mbili baada ya nukta, kana kwamba zipo za kuhesabiwa. Sarafu isiyopatikana mfukoni wala dukani wala benki inaonekana katika kioo cha simu, haishikiki, kama mzuka. Tena imekuja ile huduma ya Fuliza, tangu mwaka 2019, ambayo humruhusu mtu kutumia fedha asizokuwa nazo, akadaiwa, na deni likamezwa na fedha yoyote itakayoingia. Wazee wetu waliposema "sina hata ndururu", walikuwa wamesimama kwenye sakafu. Chini ya hapo hapakuwa na kitu. Kijana aliyefuliza amekwisha iona sakafu iko juu yake. Yeye kusema hana ndururu ni kujisifu, kwa maana ili afike hapo pa kukosa ndururu itambidi kwanza alipe mia tatu! Nilimwambia maneno haya yule kijana wa chuoni, akacheka sana, akanionyesha simu yake, na kweli, ndivyo ilivyokuwa.

Papai alilipata. Bibi alimpa kwa mkopo, pasipo daftari wala simu, ila alimwuliza jina la mama yake na kijiji atokacho, akatikisa kichwa, akasema amekwisha mjua.

Nami, kabla dereva hajapiga honi mara ya tatu, nilimwinamia nikamwuliza kwa heshima, "Susu, wewe mwenyewe umebakiwa na ndururu hata moja, ile ya tundu?"

Akasema anayo. Nikamwomba, kama ipo karibu, anionyeshe, hata nikataka kuinunua. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia mumewe alipoezeka nyumba yao ya kwanza ya mabati, raba za kuwekwa chini ya misumari zilipungua siku ileile, na mawingu yalikuwa yamekwisha tanda upande wa Yatta. Mzee akaukata uzi wa senti, akapitisha msumari katika tundu la kila ndururu, akagongomea. Zipo mpaka leo juu ya paa, akasema, na upande ule hauvuji.